Pikapu ya Gitaa la Mzee Kobelo

Jana mchana, akiwa ameshiba ugali na mlenda, Melania Kobelo aliota kwamba pikapu zake zimefika, na kwamba zimeegeshwa nje ya duka la fundi huku indiketa zikiwaka.

Kwanza ni vizuri ijulikane alilala na nini kichwani. Melania ana miaka arobaini na mitatu na anapiga gitaa la solo katika Bendi ya Chemchemi, pale Morogoro. Gitaa lenyewe ni jekundu, limechubuka pale mkono unapoegemea, na lilikuwa la baba yake, Mzee Gaudensi Kobelo, aliyelipiga zaidi ya miaka ishirini kabla vidole havijaanza kumuuma akamkabidhi binti yake. Wiki mbili zilizopita, katikati ya mazoezi, pikapu yake ilikufa.

Pikapu ya gitaa si gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Inakaa chini ya nyuzi, inasikiliza, halafu inapeleka ilichosikia kwenye amplifaya. Waya ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, na Fundi Sefu, anayetengeneza magitaa karibu na stendi ya zamani, alimwekea Melania pikapu mbili mezani achague. Ya kwanza ilikuwa ya koili moja, kama ile iliyokufa. Sauti yake ni kali na safi, kila uzi unasikika peke yake, lakini inavuma. Ukiacha kupiga, inabaki inanguruma mmm kwa sababu inaudaka umeme wote uliomo hewani. Ya pili ilikuwa ya koili mbili, ambayo mafundi wanaiita hambaka. Hiyo haivumi, na sauti yake ni nene na nzito. Tatizo ni kwamba ni pana kuliko tundu lililopo, kwa hiyo lazima mbao ichongwe.

Fundi Sefu alimweleza wazi kwamba akishachonga, ameshachonga.

Bwana Ndunguru, kiongozi wa bendi, alitaka koili mbili na hakutaka mazungumzo. Redio ilikuwa imewarudishia wimbo wao kwa kuwa kati ya ubeti na ubeti kulisikika kitu kama mashine ya kusaga. Jumanne walikuwa wanarudi studio. Kama gitaa litavuma tena, alisema, atamwomba Melania akae pembeni na kutafuta mtu mwingine.

Mwenye gitaa hakuweza kuulizwa. Mwezi Januari Mzee Kobelo alipata kiharusi, kikamchukulia mkono wa kulia na maneno yote. Alichobakiza ni “mmm,” aliyoitoa kuanzia asubuhi mpaka jioni akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua ni kiasi gani cha mambo kinamwingia. Nyumbani walikuwa wamezoea ile mmm kama mtu anavyozoea friji. Wageni walipomsalimia, Melania aliitikia kwa niaba yake.

Fundi alitaka jibu kabla ya saa kumi alasiri. Saa nane Melania alitandika mkeka karibu na kiti cha baba yake, akajilaza apate kufikiri, na usingizi ukamchukua.

Yuko dukani kwa Fundi Sefu. Gitaa limelala mezani, limefunuliwa tumbo. Fundi anafuta mikono na kitambaa, anamwambia pikapu zimefika, ziko nje, akazione mwenyewe.

Anatoka. Kweli ziko mbili. Moja ni nyembamba, nyeupe, ina mlango mmoja kila upande na bodi refu nyuma. Nyingine ni dabo kebini ya rangi ya fedha, pana mpaka imepanda juu ya kibaraza cha muuza vocha.

Melania anamwambia fundi kwamba yeye aliagiza pikapu za gitaa. Fundi anasema hizi ndizo za gitaa, anamwonyesha kadi ya gari. Imeandikwa: Maegesho, chini ya nyuzi. Melania anaisoma mara mbili na haoni kosa. Kinachomsumbua ni kwamba hajui kuendesha.

“Hata mimi sijui,” inasema ile pikapu nyeupe. “Panda.”

Anapanda. Duka halipo tena.

Wako barabarani. Barabara zenyewe ni sita, zimekwenda sambamba, za chuma, tatu nene na tatu nyembamba, na kila baada ya hatua kadhaa kuna tuta. Mbali kushoto kuna kibao kinachosema SHINGONI, SAUTI NENE, PUNGUZA MWENDO. Mbali kulia kuna kingine kinachosema DARAJANI, SAUTI KALI, SHIKA VIZURI. Pembeni mwa barabara ardhi ni nyekundu na inang'aa kama iliyopigwa vanishi, isipokuwa sehemu moja iliyochubuka. Melania anaijua ile sehemu. Anaegemeza mkono wake hapo kila siku.

“Mimi nasikia kila kitu,” pikapu inamwambia. Inasema bila kujisifu, kama mtu anayetaja namba yake ya kiatu.

Na kweli. Barabara ya kwanza inalia, nayo inairudia vilevile, kila chembe. Ya pili inalia, inairudia. Melania anafurahi, maana hajawahi kusikia uzi wa tatu ukisema waziwazi namna ile. Lakini pikapu haiachi hapo. Inamwambia pia kwamba mtaa wa tatu kuna mtu anachomelea geti. Inamwambia kuna mama anapiga pasi gauni la shule, kuna taa ya tyubu inakufa kwenye ofisi ya kata, kuna friji mbili, kuna transfoma. Inaeleza yote kwa sauti moja na kwa wakati mmoja.

Melania anaiomba inyamaze kidogo kuhusu transfoma.

“Siwezi kuchagua,” pikapu inasema. “Nina sikio moja. Likiwa wazi, liko wazi.”

Ndipo anasikia mmm nyuma yake. Anageuka, anatazama kupitia kioo. Kwenye bodi kuna gunia moja la mahindi, limefungwa kwa waya wa shaba, na ndilo linalovuma. Anauliza ni mzigo wa nani. Pikapu inasema ni wake, amekuja nao.

Pikapu inasimama. Melania anashuka, anapanda bodini, anaufungua waya ule mzunguko mmoja mmoja. Mizunguko ni mingi sana. Anafika elfu na kitu, anasahau, anaanza tena. Gunia linapofunguka, ndani ameketi Mzee Kobelo, amevaa kaunda suti ya kijivu aliyovaa siku ya kustaafu.

“Shikamoo baba,” Melania anasema.

“Mmm,” anajibu mzee.

Melania hashangai kumkuta ndani ya gunia. Kinachomchanganya ni kwamba hajui kama amejibiwa salamu au amesikia umeme. Anamtazama baba, anatazama transfoma iliyosimama kando ya barabara, ambayo sasa imevua kofia kwa heshima. Sauti ni ileile. Anaweka sikio kifuani kwa baba, halafu anaweka sikio kwenye transfoma. Ni ileile kabisa. Anaona aibu, ila hajui anamwonea aibu nani.

Bwana Ndunguru anatokea kwenye tuta la tano akiwa na saa mkononi. Anasema Jumanne imeshafika na studio haipokei magunia. Kisha anakuwa kibao cha barabarani, na maandishi yake yanasema TUMIA DABO KEBINI.

Kwa hiyo wanahamia dabo kebini. Melania anamshika baba yake mkono wa kushoto, wanaingia kiti cha nyuma. Kumbe mbele wameketi watu wawili, mwanamume na mwanamke wembamba, wamevikwa shaba kuanzia shingoni hadi miguuni, wamepeana mgongo. Wanajitambulisha kuwa ni Bwana na Bibi Koili. Mwanamume amezungushiwa waya kuelekea kulia. Mwanamke amezungushiwa kuelekea kushoto.

Melania anadhani wamegombana, anataka kushuka asiingilie mambo ya watu. Bibi Koili anamwambia hapana, ndivyo wanavyofanya kazi.

“Kelele ikitoka nje,” anaeleza, “yeye anaisema kwa mbele, mimi naisema kwa nyuma.”

“Kwa hiyo inakufa,” anasema Bwana Koili.

“Uzi ukisema, tunausema wote pamoja.”

“Kwa hiyo unanenepa.”

Wanawasha gari. Kimya kinachoingia ni kikubwa mpaka Melania anajishika masikio kuhakikisha yapo. Hakuna pasi, hakuna friji, hakuna geti. Transfoma inapita dirishani ikichezesha mdomo bure. Barabara ya sita inalia, na sauti inajaa ndani ya gari kama uji wa moto ndani ya bakuli. Melania anafikiri hivi ndivyo inavyotakiwa. Anafikiri hata redio watakubali. Mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu pikapu ikatike.

Anamgeukia baba yake amwambie.

Mzee Kobelo amefungua mdomo. Kifua kinapanda na kushuka. Hakuna kinachotoka. Mzee anaugusa mdomo wake kwa vidole vya kushoto, anavitazama vile vidole, kisha anamtazama Melania.

Mbele, Bwana Koili anasema mmm. Bibi Koili anaisema kwa nyuma. Inakufa.

Melania anawaomba waache. Wanamuuliza waache nini. Anasema huyu ni baba yake, si kelele. Wanatazamana kwa kutumia kioo, kwa kuwa hawawezi kugeuka, na Bibi Koili anasema kwa upole kwamba wao hawajui nani ni nani. Kinachotoka hewani wanakifuta. Kama mzee ana neno, alipitishe kwenye uzi.

Melania anatazama chini na kuona viatu vya baba yake havina miguu ndani. Suruali ya kaunda suti imeanza kulegea kuanzia chini kwenda juu. Anapiga kelele gari lisimame, lakini sauti yake nayo inasemwa kwa mbele na kwa nyuma. Anajaribu mlango, hauna kitasa. Basi anaipiga teke barabara kupitia sakafu, uzi wa sita, kwa kisigino, na uzi unalia, na Koili wote wawili wanatamka kwa pamoja, kwa sauti nene isiyo na hasira, neno moja: “Simama.”

Gari linasimama.

Wako kwenye mizani, pale magari yanapopimwa uzito kabla ya kuvuka daraja. Foleni hakuna. Karani wa mizani ni kitufe cha sauti cha gitaa, cheusi, amezungukwa kichwani na namba moja hadi kumi. Akitaka kusikiliza anajizungusha hadi saba. Akichoka anarudi mbili.

Karani anasema pikapu mbili haziwezi kuvuka kwa tundu moja. Ichaguliwe moja, nyingine irudi dukani. Kuna fomu. Anaiweka mezani pamoja na kidau cha wino wa zambarau.

Melania anauliza kama anaweza kufikiria mpaka kesho. Karani anajizungusha hadi nne na kusema kesho ni upande wa pili wa daraja.

Anauliza ikipita dabo kebini itakuwaje. Karani anamwonyesha dirishani. Barabara itabidi ipanuliwe. Fundi Sefu yuko kule, amevaa kikoti cha njano cha kung'aa, ana patasi na nyundo, anasubiri. Mbele yake kuna nyumba moja tu, na ukutani imepigwa alama ya X nyekundu. Melania anaijua ile nyumba. Ndiyo anayolala sasa hivi. Anaona dirisha, anaona kiti cha baba, na kwenye mkeka anajiona mwenyewe amelala mdomo wazi.

“Hiyo haivunjwi,” anasema.

Karani anasema hakuna shida, aandike hivyo, nyeupe ipite na gunia lake. Melania anakumbuka gunia. Anakumbuka transfoma ikivua kofia. Anachukua kalamu, anaiweka chini, anaichukua tena. Kila akitazama nyumba anataka nyeupe, kila akikumbuka kimya cha dabo kebini anataka ile ya fedha, na kila akikumbuka viatu vitupu hataki gitaa kabisa. Anamwambia karani kwamba hajui. Anamwambia tangu Januari hajui chochote, ila watu wanaendelea kumuuliza. Karani anarudi hadi moja, ambayo kwake ndiyo namna ya kuinamisha kichwa.

Kisha anamwambia kwamba hata hivyo sahihi yake isingetosha. Kwenye fomu, palipoandikwa Mwenye gitaa, pameshajazwa kwa mashine: Gaudensi Kobelo.

Melania anasema baba yake hawezi kusaini. Mkono wa kulia haunyanyuki. Na kusoma hawezi. Na hata akielezwa, daktari amesema hakuna anayejua kama inamwingia. Anayasema hayo yote kwa haraka, kama anavyowaambia wageni, bila kugeuka.

“Tumngoje,” anasema karani.

Mlango wa dabo kebini unafunguka. Mzee Kobelo anashuka. Miguu imerudi ndani ya viatu. Anakuja taratibu, anaisogeza fomu karibu na macho, anaisoma yote pamoja na maandishi madogo ya chini, kama alivyokuwa akisoma hata tiketi ya basi. Halafu anaweka mkono wa kushoto juu ya ukingo wa meza, na Melania anaona kwamba ukingo ule ni uzi wa kwanza, uzi mwembamba kuliko wote, na baba yake ameugusa.

“Melania,” anasema Mzee Kobelo. “Usinichanganye na hitilafu ya umeme.”

Sauti ni ile ya zamani, yenye mkwaruzo kidogo.

Melania anamwambia samahani. Anamwambia hakujua.

“Mimi nakuita,” anasema mzee. “Tangu Januari nakuita. Naanza jina lako, linaniishia kwenye herufi ya kwanza. Naanza tena, linaishia palepale. Na wewe huitiki.”

Melania anataka kuitika hapo hapo, ila hajui aitikie mwito upi, maana ni mingi, ya miezi tisa. Anauliza kuhusu nyumba. Baba yake anaitazama dirishani bila shauku, kama mtu anayetazama nyumba ya jirani.

“Nilinunua gitaa,” anasema. “Sikununua tundu. Mwambie Sefu achonge, lakini asiguse pale nilipochubua.”

Anaupeleka mkono wa kulia, ule mkono, juu ya kidau. Unakwenda polepole, lakini unakwenda. Anazamisha dole gumba ndani ya wino, analibandika kwenye karatasi, analizungusha kutoka kushoto kwenda kulia ili alama ishike vizuri. Karani anapanda hadi kumi.

Melania aliamka saa tisa na nusu. Jua lilikuwa limefika kwenye mkeka na shingo ilikuwa inamuuma. Alibaki amelala, anahesabu vitu: dirisha, feni, kalenda. Ukuta haukuwa na X. Alijiambia ni mlenda.

“Mmm,” alisema baba yake kutoka kwenye kiti.

Melania alikaa kitako. Alihisi upumbavu kidogo, na aliangalia mlangoni kama kuna mtu.

“Abee, baba,” alisema.

Mzee aligeuza kichwa, jambo linalomchukua muda, akamtazama. Akamtazama kwa kirefu sana. Hakurudia ile mmm kwa dakika nzima, na dakika nzima katika nyumba ile haikuwahi kupita hivyo tangu Januari. Ilipokuja tena, Melania aliitika tena. Alisogeza mkeka mpaka miguuni pa kiti na kumwambia kwamba yupo, kwamba anasikia, kwamba asamehewe. Aliongea mengi, akachanganya, akaongea mengine. Mzee alikuwa anapepesa macho.

Kisha alimpigia Fundi Sefu na kumwambia aweke koili mbili. Fundi alimuuliza kama ana uhakika, kwa sababu mbao hairudi. Melania alisema mwenye gitaa ameruhusu, ila pale palipochubuka pasiguswe. Fundi akauliza mwenye gitaa yupi. Melania alisema atapita jioni amweleze, ingawa hakujua angeanzia wapi.

Alichemsha chai. Alileta beseni na taulo amnawishe baba yake, kama kila siku, akaanza na mkono wa kushoto. Wa kulia humalizia, kwa sababu huwa umekunja ngumi na vidole inabidi vifunguliwe kimoja kimoja. Alifungua kidole kidogo, akafungua cha pete, cha kati, cha shahada. Dole gumba lilikuwa limejificha chini yao. Alilivuta nje.

Lilikuwa la zambarau. Wino ulikuwa bado haujakauka vizuri, na maji yalipoligusa, beseni likaanza kubadilika rangi.

Melania aliyatazama madole gumba yake mwenyewe, yote mawili. Yalikuwa safi.